Kipimo cha Kichwa cha Wilber

Achacachi,
14 Juni

Mpendwa dada Fortunata,

Pokea salamu zetu za huku kwenye baridi. Hujambo huko Buenos Aires? Mgongo umepata nafuu? Mimi mwili mzima, ila hasira zimenikaba, na nisipokuandikia nitapasuka.

Ni habari ya Wilber, mtoto wa binti yangu Nélida. Ana miezi sita, anacheka, ananyang'anya watu kijiko. Jumanne tulimpeleka zahanati. Daktari ni mpya, kijana wa kule chini kwenye joto. Akamvua kofia, akampima kichwa: sentimita arubaini na mbili. Miezi miwili nyuma iliandikwa arubaini na mbili ileile. Akasema mwaka wa kwanza ndio ubongo unakua mbio kuliko wakati wowote, na wa Wilber umesimama. Jumatatu apelekwe La Paz kupigwa picha ya kichwa.

Akanionyesha mstari kwenye karatasi, eti ndiyo njia ya vichwa vyote. Nikamuuliza, "Huo mmeuchora kwa vichwa vya watoto wa nani? Wa kwetu huzaliwa wadogo, na wakikua wanakushinda hesabu wewe."

"Bibi," akasema, "mdogo si neno. Wa huku au wa ng'ambo, ubongo wa mtoto hausimami."

Kilichoniudhi ni kwamba hapo hakukosea.

Nélida hali chakula, na maziwa yanamkauka. Kutwa anamkodolea macho mwanawe akimtafuta kasoro. Mumewe naye ananiuliza mimi, utadhani kichwa hicho nilikifinyanga mimi. Nimechoka, dada.

Jana nilikuwa nafua kofia za mtoto, ile ya sufu nzito na ile ya masikio inayovaliwa juu yake, ndipo nikakumbuka. Mara ile ya kwanza, miezi miwili nyuma, muuguzi alitaka kumvua, nikamzuia. "Upepo ukimwingia utosini, utamzika wewe? Pima hapohapo juu." Akapima juu ya kofia mbili, akaandika. Kichwa hakikusimama, dada. Tulipima sufu.

Tangu jana sijamwambia Nélida. Pamoja na mdomo wangu wote huu unaoujua, naogopa uso wa mwanangu. Nimekuandikia wewe kwanza nizoee kulisema. Nikishatia sahihi hapa, naingia ndani kumwambia.

Nisalimie shemeji Casimiro na Yovana. Mungu awafunike, awakinge na kila upepo mbaya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Eulogia