Tela la Kosta

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Korosho tena, Masasi hadi bandarini. Lori jipya lenye tela kapewa Kosta, aliyekuja juzi tu kutoka Bukoba. Mimi, mzaliwa wa Magomeni ya huku huku bandarini, dereva mkongwe wa ushirika, nimeambiwa nikae pembeni yake nimwoneshe njia. Kama utingo! Nina wivu. Hata chai imenishinda.

Jumanne, 5 Novemba
Anaendesha vizuri. Nimetafuta kosa, sijaliona. Jioni kanishusha nyumbani, mke wangu naye kamsifu, eti mgeni yule ana adabu. Nimelala nimenuna.

Jumatano, 6 Novemba
Tairi la tela limepasuka karibu na Mikindani. Msimu huu malori yanafuatana kutwa. Mbele yetu basi linakuja, limejaa watu. Tela likaanza kuyumba. Nikapiga kelele, "Funga breki! Funga breki!"

Hakufunga. Kashika usukani kwa mikono miwili, kaondoa mguu kwenye mafuta, kaacha lori lipungue mwendo lenyewe. Basi likapita. Ndipo akaingia pembeni, polepole, kwenye udongo mgumu.

Angenisikiliza, tela lingejikunja na kulifagia lile basi. Najua. Ndicho kinachoniuma.

Nikakata matawi, nikayalaza barabarani nyuma yetu. Kosta akatazama. "Samahani kaka, tuyasogeze mpaka kabla ya kona, wenzetu wayaone mapema." Hata matawi! Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukabadili tairi. Mawe kayatupa porini mwenyewe, moja moja. Namchukia.

Alhamisi, 7 Novemba
Meneja kaniita. Kosta kamwambia kwamba mimi ndiye niliyemtuliza, vinginevyo angefunga breki. Lori jipya nimepewa mimi, na funguo nimezipokea.

Nikamfuata Kosta gereji, nimwulize kwa nini.

"Ulikuwa unalitaka sana, kaka," akasema. Wala hakucheka.

Kumbe alikuwa ananiona siku zote. Aibu, na wivu juu ya aibu.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimeendesha mimi. Lori tamu. Kosta kakaa pembeni, kalala tangu Ndanda, mdomo wazi. Mimi nisingeweza kulala akiendesha yeye.

Kabla ya kona ile nikayaona matawi ya Jumatano, yamekauka, bado yako barabarani. Mawe kayakumbuka, matawi kayasahau. Kosa lake la kwanza, na nimeliona mimi.

Nikasimama pembeni. Nikayaondoa yote. Sikumwamsha.