Shusha Taa

Wajina wangu Kamau,

Hapa Kinoo tuko salama, ng'ombe amezaa, na cucu, nyanya yako, anakusalimu. Umeuliza ufunge wapi taa mpya za trakta yako ndogo, maana ukizoa theluji huko ng'ambo huoni mbele.

Nikiwa kijana niliendesha trakta kwenye shamba la majani chai, Limuru. Nilifunga taa kubwa juu ya paa, nikajiona dume. Asubuhi moja ya ukungu mwanga ukanirudia machoni, nikaona weupe mtupu. Nikasimama. Msichana mwenye kikapu akagonga boneti: "Wewe! Shusha taa uone miguu ya watu!"

Nikazishusha hadi kwenye bampa. Kesho yake nikaona miguu yake kwanza.

Zifunge chini, wajina. Miguu hiyo ndiyo ninayoisikia sasa, ikiniletea chai.

Guka, babu yako