Nilijua Zana ya Brendah Itakata Namba, Nikanyamaza

Mpendwa Shangazi Wilkista, nakuandikia toka Walukuba, Jinja, na naomba unisaidie kabla moyo wangu haujaniharibia kila kitu. Jina langu nimelibadilisha, wewe niite Mastula.

Mimi naandika programu za kompyuta. Miaka sita iliyopita niliandika moja kwa lugha ya C, inatumika zahanati zetu za Jinja mpaka Buwenge, nesi anaingiza namba ya mtoto na faili lake linakuja na dawa asizotakiwa kupewa, na kwa sababu skrini za manesi zimeandikwa kwa Java nililazimika kuandika kwa mkono kile tunachokiita kiolesura, yaani mlango ambao lugha moja inapitia kuita nyingine, mlango mmoja baada ya mwingine, miezi minane, mimba ya mwanangu wa pili ilikulia hapo hapo kitini.

Sasa kuna Brendah. Huyu nilimfundisha mimi, alikuja hajui hata mabano yanafungwa wapi, nikamlisha kwangu, nikampeleka kwa bosi wetu Mugweri nikasema huyu mchukue. Akahamia Mbale kuangalia zahanati za huko, na mwezi wa nne akapata zana mtandaoni, unaipa programu yako ya C inakuandikia violesura yenyewe, vya Java, vya Python, unachotaka, na kazi yangu ya miezi minane akaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mugweri alisimama mbele ya wote akasema, "Mastula, uliteseka bure, mama!" Watu wakacheka, Brendah naye akacheka. Toka siku hiyo nilianza kumwangalia mpaka viatu, mpaka simu yake mpya, mpaka namna wanavyomwita yeye "Injinia" na mimi "mama".

Brendah akanitumia zana ile niikague kabla hajaiweka zahanati za Mbale. Nilisoma maelezo yote nikitafuta kosa, na nikalipata mwishoni kabisa, kwenye jedwali la kompyuta na lugha inazozikubali. Kwenye Linux, Java sawa, Python sawa. Kwenye Windows ya zamani ya biti thelathini na mbili, Java haijathibitishwa, namba ndefu zinaweza kukatwa. Sisi Jinja kompyuta zetu zinaendeshwa na Linux, lakini Mbale wana zile kuukuu za msaada, zenye Windows hiyo ya zamani, na namba za wagonjwa wetu zina tarakimu kumi na mbili. Nilifurahi, Shangazi, siwezi kukudanganya, nilifurahi mpaka nikapika pilau siku ya kawaida.

Brendah akapiga simu. "Dada Mastula, umeiangalia? Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Kabisa? Mi naamini macho yako kuliko yangu."

"Endelea tu," nikasema.

Nilitaka aaibike. Nilidhani skrini itakwama mbele ya Mugweri, basi. Haikukwama. Jumatano iliyopita, zahanati moja ya Namakwekwe, mama alimleta mwanawe Wanyera ana homa na koo limevimba, nesi akaingiza namba, ikakatwa, likaja faili la mtoto mwingine, safi halina onyo lolote, na la Wanyera mwenyewe limeandikwa kwamba penisilini inamziba pumzi. Dawa ilikuwa imeshavutwa kwenye sindano. Mama mtu ndiye aliyeuliza, "Hiyo si ile iliyomvimbisha?" nesi akaiweka chini.

Brendah anadhani kosa ni lake. Ananipigia analia, "Dada nisaidie," na mimi namwambia pole, na hata sasa namwonea wivu, kwa sababu hata akilia watu wanamhurumia. Mugweri anasema nesi alikosea kuandika, na Ijumaa wanaiweka zahanati nyingine nne. Nikisema nitapoteza kazi na jina. Nikinyamaza, si itaonekana ni kosa la zana tu? Nifanyeje?

SHANGAZI WILKISTA ANAJIBU

Mastula, barua yako ilinifikia Jumatatu na sikungoja gazeti litoke. Ulikuwa umeandika namba ya simu chini, nikakupigia. Umeniruhusu wasomaji wajue tulichoongea.

Uliniuliza, "Nianze na bosi?" Nikakwambia, "Anza na kompyuta. Piga Namakwekwe sasa hivi wazizime, warudi kwenye madaftari. Halafu Brendah, halafu bosi, kabla ya Ijumaa."  Ukasema, "Sawa." Baada ya saa moja ukaniandikia kwamba zimezimwa, na Brendah amekusikiliza mpaka mwisho akakata simu.

Sasa nikuseme. Mtu akimaliza kwa asubuhi moja kilichokutoa jasho miezi minane, inauma, na bosi wako alikosea kukufanya kichekesho hadharani. Mugweri, kama unasoma, jirekebishe. Lakini wewe, Mastula, uliulizwa na mtu anayekuamini ukajibu uongo, na kati yenu alikaa mtoto ambaye hajawahi kumcheka mtu. Usiniambie ulitaka aibu tu. Ulijua programu ile inatafuta nini, uliiandika wewe! Na usiisingizie zana. Ilisema ukweli wake wote kwenye jedwali, ukausoma, ukaufungia.

Panda gari uende Mbale wiki hii, na usibebe zawadi. Mwambie Brendah ana kwa ana ulisoma lini jedwali lile, na umwambie kwamba ulifurahi, usiruke hapo. Nenda kwa mama yake Wanyera, umwambie kwa kinywa chako. Kisha mwandikie Mugweri yote, na aelewe kwamba nesi hakukosea namba. Akikufukuza, ondoka bila kelele. Akikubakiza, pita zahanati zote, uandike kila moja ina kompyuta ya aina gani na lugha gani, na kama zana inazikubali, kisha ujaribu namba ndefu za kweli kabla mgonjwa yeyote hajaitwa. Ambako zana haifai, violesura vyako vya mkono unavyo. Vitengeneze vifanye kazi huko, uwape.

Brendah asipokusamehe, usimtumie watu wa kumbembeleza. Ana haki ya kukasirika hata miaka mitano, na wewe utakuwa unaamka kila asubuhi unakwenda kazini, hapo au pengine, bila msamaha wake.