Nimewachangia Wagombea Wawili, na Jumapili Natakiwa Kutia Saini

Bi Masouda mpendwa, naomba msaada wako upesi, maana Jumapili haiko mbali. Mie nakaa Ansab, nafanya kazi ofisi za baraza la wawakilishi, nnaandika kumbukumbu za vikao, na sisi wafanyakazi haturuhusiwi kumchangia mgombea yeyote, nalijua hilo vizuri kwa sababu waraka wenyewe niliuchapa mimi, lakini binamu yangu Yaqdhan anagombea na shangazi yetu Nawar kafungua grupu la WhatsApp la ukoo mzima akikusanya mchango kama wa harusi, na asiyetoa anasemwa, nikaogopa kuambiwa najiona, nikatoa. Kisha nikakumbuka kuwa anayeshindana naye ni Mheshimiwa Khattab, aliyemo barazani sasa, ambaye kila asubuhi nampelekea karatasi zake, nikaona akisikia atanihamisha, basi na yeye nikampelekea mchango kwa siri, sawasawa na ule wa kwanza, nisionekane na upendeleo. Ijumaa shangazi kaiweka orodha ya waliochanga, kama desturi yetu ya harusi, jina na kazi ya kila mtu ili tujifakhari: "Shaikha wetu wa Barazani, Mungu amzidishie." Grupu lina watu mia na ishirini. Na Jumapili, tukianza wiki ya kazi, tunatia saini karatasi kwamba hatukumchangia mtu. Mume wangu Thani anasema, "We tia saini, nani atasoma?" Nna watoto watatu na mshahara huu ndio unaowasomesha. Nifanyeje?

Shaikha, Ansab

Shaikha mwanangu, pole. Na hongera, maana sijapata kumuona mtu aliyevunja sheria mara ya pili ili asionekane na upendeleo katika mara ya kwanza.

Shangazi nawajua, ninao wanne, na hofu yako naielewa. Lakini bibi harusi ukimtunza, anakwenda zake kwa mumewe. Huyu mgombea akishinda anakuja kukaa mbele yako barazani, na wewe ndiye unayeandika alichosema. Nani atayaamini maandishi yako? Na Thani mwambie kwamba watu mia na ishirini wameshasoma, na wengine wana wake wanaopenda kusimulia.

Saini usitie. Jumapili, kabla hujanywa chai, ingia kwa mkuu wako umweleze yote mawili, usimtaje binamu ukamficha Mheshimiwa. La binamu ulifanya kwa haya, la Mheshimiwa ulifanya kwa ujanja, na hilo ndilo litakalokuumbua likigunduliwa na mwengine. Yaandike yote kwa mkono wako, omba utolewe kwenye vikao mpaka uchaguzi upite. Shangazi atanuna. Mwache anune, atakuhitaji harusi ijayo.

Sikudanganyi, unaweza kushushwa cheo. Ila aliyekosea akakiri hushushwa, na aliyetia saini uongo hufukuzwa, na watoto wako watatu wanaijua tofauti hiyo kuliko Thani.

Na mkuu wako akikuuliza ulitaka nani ashinde kati ya wale wawili, mwambie kweli: ulitaka ushinde wewe.