Vikombe Sita vya Mchungaji Lidgate

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka, dirisha likiwa wazi kwa amri yako mwenyewe ili usikie kengele za kanisa lako la Wexley.

Nyumba ya mchungaji sasa ina mchungaji mwingine, nasi tumehamia ile ndogo ng'ambo ya makaburi. Ni mtu mwema, na mahubiri yake hayakatiki. Sisi tulizoea yako. Ulikuwa ukinyamaza ghafla katikati ya neno, macho darini, na Ned Hobday mchinjaji akawageukia wa nyuma yake: "Tulieni, yuko kwenye hesabu zake. Atarudi." Na kweli ulirudi, ukicheka, ukiomba radhi.

Wasomi wa Cambridge walikuandikia kuhusu kitabu chako cha Kilatini. Hapa kijijini hakuna aliyekisoma. Hapa unakumbukwa kwa kuwapimia wajane mashamba yao bure, kwa wino kwenye mikono ya joho, na kwa vikombe.

Kila mlo ulipanga vikombe sita mezani, kimoja kwa kila kengele ya mnarani, vikifuatana kama zinavyolia, kuanzia ndogo hadi kubwa. Ukavibadilisha nafasi tena na tena, kila kimoja kisisogee zaidi ya hatua moja, na mpangilio uliokwisha kupita usijirudie, mpaka mipangilio yote imalizike na vikombe vikae kama vilivyoanza. "Njia ipo," ulisema. Mama naye: "Baba Judith, njia ipo, uji je? Nirudishie vikombe vyangu!"

Njia uliipata, ukawafundisha wapiga kengele waishike kichwani, maana nusu yao hawajui kusoma. Kila walipojaribu ilivunjika, mara nyingi kwenye kengele ya nne, ya Ned. Asubuhi ile ya mwisho ilivunjika pia. Ukatabasamu, kichwa juu ya mto. "Maskini Ned. Alikaribia kabisa." Hukusema tena. Imetuuma mwaka mzima kwamba uliondoka bila kuisikia ikifika mwisho.

Jana wapigaji walikusanyika mnarani kwa ajili yako. Ned akaiachia kamba.

"Mimi hii inanishinda. Mpeni Judith, amekua nayo mezani."

"Mwanamke na kamba ya kengele, wapi na wapi?" akafoka Giles mhunzi.

"Basi ipige wewe. Ila ukipotea usinitazame mimi."

Giles akarudi kwenye kamba yake. Judith wako akakunja mikono ya gauni, akaishika kamba.

Mama alibaki nyumbani na mwanao Barnaby, dirisha wazi. Alipanga vikombe sita, akawa anavisogeza kuzifuata kengele mpaka zikamzidi kasi, akakaa tu kusikiliza. Tulikuwa tunangoja ya nne ipotee. Ilipenya katikati ya wenzake, ikatoka, ikapenya tena, wala haikupotea. Kisha zikashuka moja baada ya nyingine, ndogo hadi kubwa, kama zilivyoanza. Mama alilia, kikombe mkononi.

"Imefika, Baba Judith," alisema. "Imefika."

Unakumbukwa na mkeo Thomasin. Wanao Judith na Barnaby. Dada yako Prudence. Na Ned Hobday, anayedai kuwa naye sasa ni wa ukoo.

Vikombe bado viko mezani, kwa mpangilio wake. Leo Mama hajavidai. Hutasahaulika kwetu, Baba, siku zote.