Umemtoa Mama Kwenye Bima

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam

Kwa kaka Ezekieli,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu umenitangulia kuzaliwa, basi. Wifi na watoto hawajambo? Baridi ya Njombe haijawazidi? Sie huku tunapumua, ila nina hasira nawe, na ndiyo maana simu zako sipokei. Nikikusikia tu nitasema maneno ambayo mdogo mtu hamwambii kaka yake. Afadhali niandike.

Hali ya macho ya mama unaijua. Chai anaimimina nje ya kikombe, na ukimwamkia anasubiri uongee tena ndipo ajue ni nani. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji, na tusichelewe. Bima yangu ya ualimu inampa miwani tu. Upasuaji umo kwenye bima ya nyongeza ya wazee, ambayo mfanyakazi anamwandikishia mzazi wake. Nikaomba ruhusa shuleni, nikampeleka ofisi ya kampuni ya bima, Mikocheni. Mama akavaa sare yake ya kwaya, eti asituaibishe.

Binti wa dirishani akauliza, "Huyu nani yako?" Nikasema mama yangu. Sikudanganya. Akasema utaratibu wao ni kumpigia ndugu mwingine athibitishe, nikampa namba yako bila wasiwasi wowote. Akaweka spika. Na wewe, mzee wa kanisa, ukajibu kwa sauti ya mimbarini: "Hapana, dada. Mama yetu alishafariki. Huyo ni mama mdogo, mdogo wake marehemu."

"Sasa sista, mbona unanichanganya?" akaniambia yule binti. "Sie tunaandikisha mzazi aliyekuzaa. Mama mdogo haingii."

Nikamwambia kwetu mama mdogo ni mama. Akasema hata kwao ni hivyo hivyo, ila kampuni haitambui. Akamwita mtu wa nyuma yetu.

Kampuni ni wageni, hawatujui. Wewe je? Ulikuwepo matangani wazee walipomkabidhi sisi mbele ya ukoo, binti mbichi ambaye alikuwa ameshachumbiwa. Uchumba ukavunjika kwa ajili yetu. Tangu siku ile uliwahi kumwita mama mdogo? Ulipougua surua akakesha nawe, alikuwa mama. Alipokaa kiti cha mzazi kwenye harusi yako, alikuwa mama. Leo anahitaji macho ndiyo umekumbuka nani alimzaa nani? Usiniletee habari za kusema kweli, Ezekieli. Nimechoka na hiyo kweli yako.

Yeye hata hakulalamika. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Kaka yako hajakosea. Mimi sikuwazaa." Tangu hapo ananishukuru kwa kila kitu, sahani ya wali, maji ya kuoga, kama mtu aliyefikia kwa jirani. Inaniuma kuliko macho yenyewe.

Nilirudi ofisini peke yangu nikagombana nao mpaka akatoka mkubwa wao. Anasema mlezi anaweza kukubaliwa, ila watoto wote aliowalea waende kuapa mbele ya wakili. Watoto wenyewe ni mimi na wewe. Kwa hiyo panda basi uje. Usiniambie mahindi, usiniambie vikao vya kanisa. Jicho moja limeshakuwa jeupe. Na kabla ya kwenda kuapa kwa wakili, uingie kwanza humu ndani ukaongee naye, mimi nitatoka nje.

Msalimie wifi, na baba mdogo, na mama mchungaji anayemwombea mama. Mama naye anakusalimu. Nilipomuuliza niandike salamu gani, alisema, "Mwambie mama yake mdogo anamsalimu." Nimeandika kama alivyosema, usome mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Tumaini