Samaki wa Mvua

Naliendele, 16 Januari 1972

Kwako dada Albertina,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu katekista Alfredo anayekusomea barua hii, nikiomba miwani yake iwe bado haijavunjika. Mimi mzima kiasi. Habari za mpunga huko bondeni, na mgongo wako je?

Mwanao Modesta ametoka hospitali tangu Jumatano. Kidonda kimefunga, lakini ngozi ya nyuma ya goti imevuta na mguu haunyooki sawasawa. Daktari anataka atembee kila siku. Hatembei, dada. Anakaa kitandani amegeukia ukuta. Nikimwambia, "Modesta, hebu njoo nje," haitiki. Akitaka maji ananyooshea kikombe kidole, basi. Ilivyokuwa nilishakueleza mwezi wa kumi na moja: Jumapili ile nilikuwa zamu ya kumwagilia miche ya mikorosho, na yeye akaachiwa sufuria ya maharage motoni, ikammwagikia mguuni.

Sasa nina jambo. Yule mzungu aliyekuwa akichunguza wadudu kituoni kwetu amerudi kwao, na ameacha sanduku la kioo alilokuwa akifugia kunguni wa mikorosho. Tukaambiwa tulitupe. Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani, watu njiani wakaniuliza ninakwenda kumzika paka wa nani. Nyumbani kwa mzungu huyo niliwahi kuona kioo kingine kina samaki hai, na majani yameota ndani ya maji. Watoto walikuwa wanakaa mbele yake mchana kutwa.

Nataka kumtengenezea Modesta. Unakumbuka wale samaki wa vidimbwini, wekundu wenye buluu, tuliokuwa tunawakinga kwa kanga ya mama tulipokuwa bado ng'ambo ya mto? Hapa mjini samaki ni wa kupika tu. Naomba unitafutie.

Mdogo wako,
Armando


Kilambo, 30 Januari 1972

Kwako mdogo wangu Armando,

Tumsifu Yesu Kristo. Huyu anayeandika ni Alfredo, ila maneno ni yangu na nimemwambia asiongeze lake. Hatujambo. Mvua ni nyingi, mpunga umesimama vizuri. Ng'ambo mizinga ya vita inaunguruma siku nyingine mpaka vyombo vinalia kabatini, lakini tumezoea.

Nimecheka sana. Mtu mzima na ndevu zako unafuga samaki ambao hata paka hashibi, badala ya kufuga kuku. Lakini kwa ajili ya mtoto nimeingia kidimbwini mpaka magotini. Bakari anayeleta mpunga mjini kwa lori atakupa mtungi. Wamo kumi na wawili. Wenye rangi ni madume. Wale wa kijivu ndio majike, usiwatupe kwa kuwaona wabaya. Usiwape maji ya bomba, yana dawa. Kinga ya mvua.

Ujue pia kwamba hao ni samaki wa mvua. Kidimbwi kikikauka wanakwisha, mvua ikirudi nao wanarudi, wanakotoka hakuna aliyewahi kuniambia.

Kuhusu mguu, sikulaumu. Kazi ni kazi. Nilikukabidhi Modesta asome kwa sababu wewe ndiye mjomba wake. Kwetu sisi baba anaweza kupotea, na wake kapotea kweli, lakini mjomba hapotei.

Dada yako,
Albertina


Naliendele, 13 Februari 1972

Dada yangu Albertina,

Salamu zangu zipokee, na mgongo uwe umepoa. Huku afya ipo, furaha ndiyo hakuna.

Samaki walifika wote kumi na wawili, Bakari alikuwa ameupakata mtungi njia nzima. Kioo nilikiosha kwa majivu na ndimu siku mbili. Nikaweka mchanga wa mtoni, nikapanda majani, nikajaza maji ya mvua. Kikavuja pembeni, tone baada ya tone. Nikafikiri: hapa kituoni tuna pipa la mafuta ya maganda ya korosho, yale mafundi wa mitumbwi wanayopaka mbao, na maji hayapiti. Nikapaka pembe zote mara mbili, nikaanika juani. Kweli hakikuvuja tena hata tone.

Asubuhi nikawatia samaki. Modesta akageuka kutoka ukutani. Alijiegemeza kwa kiwiko akawahesabu, nikaona midomo yake inacheza. Nikaenda kazini karibu naimba. Niliporudi mchana walikuwa wanaelea ubavu, wote, na rangi imewatoka. Mtoto alikuwa amekaa palepale, amewaangalia wakifa mmoja mmoja.

Hapo ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza tangu aungue. Alichosema siwezi kukiandika humu. Nisamehe, na katekista Alfredo anisamehe.

Mdogo wako,
Armando


Kilambo, 27 Februari 1972

Armando,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima.

Hivi wewe unafanya kazi kwenye korosho mwaka wa sita, hujui mafuta ya ganda yanababua mkono wa mtu? Sisi tukibangua tunajipaka majivu vidoleni, wewe unayatia kwenye maji ya kiumbe anayepumua. Alfredo amecheka mpaka kalamu imemdondoka. Mimi sikucheka, nimefikiria mtoto akiwaangalia.

Kwangua yote, mpaka kioo kisinuke. Osha, jaza maji, mwaga, jaza tena, juma zima. Nakuletea nta ya nyuki. Iyeyushe uzibe nayo pembe. Nakuletea na tope la kidimbwi ndani ya kiroba, ulitandaze chini badala ya huo mchanga wako. Samaki wa kidimbwi hajui mchanga. Bakari ana mtungi mwingine, wamo wanane, sikupata zaidi.

Na usimfiche mtoto ulichokosea. Mwambie, mjomba alikosea.

Dada yako,
Albertina


Naliendele, 26 Machi 1972

Dada yangu mpenzi Albertina,

Amani iwe kwako. Leo nakuandikia nikiwa nimekaa chini sakafuni, maana kiti kipo mbele ya kioo na mwenye kiti hataki kuhama.

Wanaishi. Wiki ya tatu sasa. Nta imeshika, na maji yamekuwa na rangi ya chai kwa sababu ya tope, lakini jua la asubuhi likipenya dirishani wale madume wanawaka. Wanagombana huyo na huyo, wanatunishiana mapezi, halafu dume anamsindikiza jike mpaka chini wanajichimbia topeni pamoja, wanatetemeka. Modesta amewapa majina yote. Mmoja mkali anaitwa Katekista.

Chakula chao ni viluwiluwi vya mbu, na viluwiluwi vipo kwenye pipa la jirani yetu Rehema, nyumba ya tatu. Nilimwambia Modesta kwamba mimi sina muda wa kuvichota. Akakaa siku nzima akinitazama na kuwatazama samaki. Kesho yake akachukua kikombe, akaenda. Alikwenda akijishikiza ukutani, akarudi amelowa. Sasa anakwenda mara mbili kwa siku. Goti linaanza kulegea. Na wewe ulisema nifuge kuku.

Kuna neno lingine nataka kukwambia, dada, lakini barua zangu zinasomwa na watu wawili. Basi liache.

Mdogo wako,
Armando


Kilambo, 7 Mei 1972

Armando,

Hujambo. Mimi sijambo.

Huu ni mwandiko wangu. Alfredo hayupo hapa. Nasoma darasa la watu wazima tangu mwaka jana, sikukwambia nilitaka nikushtue. Barua yako ya Machi nimeisoma mwenyewe, siku tatu, nikiweka kidole.

Sasa anasoma mtu mmoja. Sema hilo neno.

Albertina


Naliendele, 21 Mei 1972

Dada Albertina,

Nimeupokea mwandiko wako. Nimeuangalia kwa furaha, halafu nikaona sababu yangu ya kunyamaza imekwisha, nikakaa na barua yako mfukoni wiki nzima. Natumaini u mzima. Baada ya kusoma hii sijui.

Jumapili ile sikuwa zamu. Jumapili hakuna zamu, miche anamwagilia mlinzi. Nilikwenda kijiji cha Ziwani kwenye uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho. Ndiyo, uraka, na najua nilikuapia nini siku tuliyomzika mama. Mabibo yalikuwa mengi mwaka huo, wenzangu wakanipitia baada ya misa. Nikainjika maharage mwenyewe, nikamwambia Modesta aongeze maji yakipungua, kabla ya adhuhuri nitakuwa nimerudi, tule, halafu nimpeleke bandarini akaone meli.

Nilirudi alasiri naimba. Nikamkuta Rehema mlangoni kwangu ana sufuria mkononi, ameshaiosha. Mume wake alikuwa amempakia mtoto kwenye baiskeli akampeleka hospitali. Maharage yalikuwa yameiva zamani. Modesta alikuwa ameyaipua mwenyewe ili nikirudi tule haraka, tuiwahi meli. Ana miaka tisa, dada. Sufuria ile hata mimi naishika kwa matambara mawili.

Hospitalini muuguzi aliisikia harufu ya mdomo wangu akanitoa nje. Nikasimama dirishani nikimsikia ananiita mjomba, mjomba.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya ni hili. Siku ya pili nilikaa kitandani kwake nikamfundisha: mama yako akiuliza, sema mjomba alikuwa kazini. Aliniangalia. Tangu hapo hakunisemesha. Wewe ulidhani ni maumivu, na mimi nikakuacha udhani. Hakutaka kukudanganya wewe na hakutaka kuniaibisha mimi, ndiyo maana akageukia ukuta.

Siku samaki walipokufa aliniuliza hivi: "Na hawa nao, tuseme ulikuwa kazini?"

Nimemwambia leo kwamba nakuandikia. Ameuliza kama nitaandika yote. Nimemsomea barua hii tangu juu. Hapo penye meli alilia, halafu akaenda kuchota viluwiluwi.

Uraka sijagusa tangu siku ile. Najua hilo halinyooshi mguu.

Mdogo wako,
Armando


Naliendele, 18 Juni 1972

Dada Albertina,

Salamu. Wiki nne sasa. Bakari anasema barua alikupa mkononi, ukaingia nayo ndani. Modesta hajambo. Naomba unitukane tu, nijue umeisoma.

Armando


Naliendele, 9 Julai 1972

Dada,

Nimerudi jana nikakuta kitanda kitupu. Rehema ndiye aliyenieleza. Ulikuja na lori la asubuhi, ukakataa kiti, ukakataa maji, ukafunga nguo za mtoto kwenye kanga. Safari hii kweli nilikuwa kazini, na hakuna mtu wa kumwambia.

Amesema mtoto hakulia. Alichota tope la kwenye kioo kwa kikombe, akalitia kwenye kopo la maziwa, akalikumbatia mpaka garini. Wewe ulimwambia alitupe, yeye akakaza mikono.

Una haki. Sina la kujitetea.

Samaki walikuwa wamezeeka, mgongo umewapinda. Walibaki watatu. Katekista amekufa leo asubuhi. Ulinionya kwamba ni wa mvua. Nimewalisha mimi mwenyewe, nimekwenda kwa Rehema na kikombe kile kile, sikuweza kumtazama usoni.

Mwambie Modesta, Katekista hakuteseka.

Armando


Naliendele, 22 Oktoba 1972

Dada Albertina,

Sijui kama hizi unazifungua. Mabibo yameanza kuanguka, harufu imejaa mpaka ofisini. Wenzangu wamenipitia Jumapili tatu. Nimekaa nyumbani. Nakaa nikiangalia kioo kikavu, na watu wanafikiri mzungu aliniachia wazimu wake.

Nisalimie mtoto. Ukiona vema, niandikie mguu wake ukoje. Neno moja litanitosha.

Mdogo wako,
Armando


Kilambo, 14 Januari 1973

Armando,

Sisi wazima. Barua zako zote nimezifungua.

Miezi hii karibu minane sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu yanatoka matusi, na mwalimu wetu wa watu wazima anasahihisha tunachoandika. Jambo la kuungua ningeweza kulimeza. Watoto wanaungua hata mama zao wakiwapo, na uraka naujua, baba yetu aliunywa. Lakini kumziba mtoto mdomo asiseme na mama yake. Hilo lilinikaa hapa kifuani, na bado lipo. Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakwambia, usiwe unaniulizauliza.

Umetaka neno moja la mguu. Unanyooka, si wote. Anakwenda shule kwa miguu, anachechemea akichoka.

Sasa nikwambie habari ya kopo. Alilifunika kwa jani la mgomba akaliweka chini ya kitanda, akanikataza kuligusa. Mimi najua linaanza kunuka, nanyamaza, maana huyu mtoto kanyamazishwa vya kutosha. Mvua ya kwanza ya Desemba akalimimina kwenye beseni, akakinga maji ya paani. Asubuhi akaniita. Nikaona beseni la maji machafu. Akasema, angalia vizuri. Dada yako nikapiga magoti na mgongo huu. Kulikuwa na macho, Armando. Macho madogo mawili mawili yanatembea, mwili huuoni. Miaka yote hii nimekanyaga lile tope nikipanda mpunga, kumbe wamo, mayai yao yanangoja mvua.

Nikamuuliza nani alikufundisha. Akasema hakuna aliyemfundisha, aliwaona kwenye kioo wanavyojichimbia topeni, mjomba alimwonyesha. Ametaja mjomba yeye mwenyewe, mimi sikumtajia.

Sasa wameanza kupata rangi na beseni nalihitaji. Anataka kioo chake. Bakari alisema atakibeba, nikamwambia hapana. Kilete wewe, kichwani, kama ulivyokitoa huko kituoni. Siku yake ya kuchezwa unyago ikifika atahitaji mjomba wa kusimama mbele ya watu, na mwingine sina.

Maharage nitapika mimi. Njoo Jumapili. Jumapili hakuna zamu.

Dada yako,
Albertina